Kiu ya Ukuta wa Busimba

Harufu ya siki ilimpata Mwajabu Ijengo akiwa bado nje ya kibanda cha koki, ufunguo mkononi, akasimama palepale.

Ukuta ukikua hunuka siki. Kila aliyefanya kazi kwenye korongo la Busimba aliijua harufu hiyo. Iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chapati walizobeba kwa ajili ya chai ya saa nne. Lakini ukuta haukui bila maji, na mwenye kuupa maji alikuwa yeye, na asubuhi ile alikuwa hajaupa hata tone.

Akafungua mlango, akazipitia koki moja moja kwa mkono, hakuyaamini macho. Zote kumi na mbili zilikuwa zimefungwa kama alivyoziacha jana jioni. Mita ya tangi haikuwa imesogea. Nje, chini ya kibanda, ukuta ulilala umekatiza korongo kutoka ukingo hadi ukingo, mweupe kama maziwa yaliyoganda. Nyuma yake kulikuwa na bwawa la tope na maji, lililotengwa na ukuta kwa turubai, na mbele yake, bondeni, yalionekana mapaa ya Busimba.

Ukuta ulikuwa unakunywa, na si kutoka kwake.

Hapo ndipo alipomkumbuka Hidaya.

Hidaya alikuwa mkaguzi wa viungo. Kila alfajiri, wakati ukuta umepumzika, aliingia kwenye ujia mwembamba ulioachwa katikati ya ukuta, akatembea na taa na brashi akitafuta nyufa, akatoka kabla ya saa tatu, saa ambayo Mwajabu hufungua maji. Sasa ilikuwa saa mbili na robo. Mwajabu akaikamata redio kol.

"Hidaya. Hidaya, unanisikia?"

"Nakusikia, Bi Mkubwa." Sauti ilitulia, ila ilikuwa karibu mno na kinasa, kama ya mtu anayejizuia kupiga kelele. "Mimi ndiye nilitaka kukuita. Umefungua maji?"

"Sijafungua."

"Basi huku kuna kitu. Nimerudi mlangoni, na mlango haupo."

"Haupo vipi?"

"Pana ukuta. Juzi tu nilipaka alama nyekundu pembeni ya mlango. Alama naiona kwa ndani, kama kitu kilichozama kwenye barafu."

Kwa miaka tisa walikuwa wake wenza, yeye mkubwa na Hidaya mdogo, chini ya paa moja la marehemu Athumani. Katika miaka hiyo waligombania kila kitu kuanzia jiko hadi jina la mtoto. Athumani alipofariki, kila mtu alitegemea mmoja wao angehama. Hakuhama yeyote. Walibaki kwenye uwanja uleule, wakapika vyungu viwili, na ofisi ya ukuta ilipokuja kuajiri, wote wawili wakajiandikisha siku moja.

"Usiguse kitu chochote," Mwajabu alisema. "Simama katikati. Usiegemee."

"Najua, Bi Mkubwa. Mimi ndiye nilimtoa yule mjusi."

*

Yule mjusi kila mtu alimjua. Alionekana mwezi wa kwanza wa ujenzi, ameng'ang'ania upande wa ukuta ambao haujapata maji siku mbili. Hidaya alipomvuta, alitoka mwepesi na mkavu kama jani la tumbaku. Hakuwa na hata unyevu wa macho.

Mwalimu wao wa mafunzo alikuwa amewaonya. Aliwasimamisha uani, wanawake wanane, akawavika kofia za karatasi mikononi.

"Kila mmoja wenu ni kijenzi," aliwaambia. "Moyo wako ni silikoni, ileile iliyomo kwenye mchanga wa korongo hili. Una mikono, lakini mikono imevishwa kofia, huwezi kumshika mwenzako. Maji yakikugusa, kofia inadondoka. Hapo ndipo panaponuka siki. Mkono ukiwa wazi, unamshika jirani."

Akatembea na kikombe, akawanyunyizia tone moja moja, akimpa kila mmoja nafasi ya kumtazama mwenzake na kuchagua. Wanane wakashikana taratibu, wakawa kisanduku, kila pembe na mtu wake. Hakuna mkono uliobaki nje.

"Hiki hakina njaa wala kiu tena. Panga visanduku hivi kwa mamilioni, unapata ukuta ambao sururu haiwezi kuukwangua. Sasa tazameni." Akawamwagia ndoo nzima. Wakapiga mayowe, wakavua kofia kwa pamoja, wakashikana ovyo, huyu kwapani, yule shingoni. "Huu ni uji. Maji yamekuja mengi kwa mpigo, vijenzi havikupata muda wa kujipanga. Kwa robo saa hivi unaweza kuuchota kwa beleshi. Ukikaza baadaye, unakaza ovyo, hauna nguvu."

Mtu mmoja akauliza: na maji yakikatika katikati?

Mwalimu akaacha mzaha. "Hapo unabaki na mamilioni ya mikono iliyo nusu wazi. Itayatafuta maji popote yalipo. Kwenye hewa, kwenye ubao, kwenye kiganja chako. Ndiyo maana tunataka mpima maji ambaye hasinzii."

Walimchagua Mwajabu. Na kwa sababu ya kazi yake, kila nyumba ya Busimba ilikubali kupunguziwa ndoo mbili kwa wiki, ili ukuta unywe. Watu walinung'unika, lakini walikuwa wamekwisha kuona masika mawili ya ajabu, mvua ya miezi mitatu ikinyesha kwa siku nne, korongo likila mashamba na makaburi. Walitaka ukuta.

*

Mhandisi Ndekirwa aliita kutoka kwenye kambi ya juu, ambako alilitazama bwawa kwa darubini.

"Mama Mwajabu, turubai la nyuma limechanika upande wa kushoto. Maji ya bwawa yanaingia ndani ya ukuta."

"Siku tatu nakwambia mita yangu na ukuta haviwiani. Ukasema mita ni kuukuu."

"Nilisema hivyo. Na milimani kumenyesha tangu alfajiri. Maji yatafika bwawani saa sita, labda mapema zaidi. Kilichoingia kupitia mpasuko ni kidogo na hakina mpangilio. Kimeamsha vijenzi vyote vya tumboni, lakini hakitoshi kuvifunga. Ukuta umebaki nusu. Maji ya milima yakiukuta hivyo, hautasimama. Fungua koki zote, matone arobaini kwa dakika. Saa moja na nusu tumbo litajifunga, na mpasuko utajiziba wenyewe."

"Hidaya yumo ndani ya ujia."

Redio ilikwaruza.

"Najua," Ndekirwa alisema. "Nimewasikia mkiongea. Mama Mwajabu, huko chini kuna watu elfu tatu na mia nane."

Sauti yake haikuwa ya mtu mkatili, na hilo ndilo lililomtisha Mwajabu zaidi. Angepiga kelele, angetukana, ingekuwa rahisi kumkatalia. Akatazama koki ya saba, ile inayonywesha sehemu ya ujia. Kugeuza mara moja tu. Na katika sekunde ile, kabla hajajizuia, wazo likampita kichwani kama panya apitavyo chumbani: kwamba hakuna atakayemlaumu, na uwanja wa Athumani utabaki na chungu kimoja. Akaliona wazo hilo vizuri, akalijua kuwa ni lake.

"Bi Mkubwa." Ilikuwa Hidaya tena. "Mate yamenikauka. Nikifumba macho, kope zinanata."

Ukuta ulikuwa umeanza kunywa kutoka kwake.

Mwajabu akafungua koki ya saba, matone kumi na tano. Akasubiri, akihesabu kwa sauti. Baada ya dakika tatu Hidaya akasema, "Afadhali. Hewa imepata umande." Kisha: "Lakini kuta zinasogea."

Ndivyo ilivyokuwa. Asipompa maji, ukuta ungemkausha. Akiupa ukuta kipimo kamili, ungepona na kumfunga humo. Matone kumi na tano yalikuwa muda tu, ulionunuliwa kwa kupoteza upana wa kidole wa ujia.

Akamwita Mhandisi. "Nikimwaga maji yote kwenye koki ya saba kwa mpigo?"

"Utapata uji."

"Ndiyo nautaka. Ukuta ulioziba mlango bado haujakomaa. Ukilowa kwa mpigo utalainika, na nyapara Kijuu na watu wake wanaweza kuuchota kutoka nje. Robo saa inatosha."

"Na tumbo lote la ukuta litakuwa uji vilevile. Sitaweza kulirudisha. Maji ya milima yatalikuta hivyo."

"Litashika au halitashika?"

"Nusu kwa nusu. Siwezi kukuapia." Akavuta pumzi. "Nimekupa amri ya arobaini, Mama. Naomba uifuate. Siwezi kufika hapo kukushika mkono."

Alisema kweli. Kutoka kambi ya juu hadi kibandani ni mwendo wa saa nzima kwa njia ya ukingoni. Kibandani alikuwa Mwajabu peke yake.

*

Kwanza aliupiga mtambo wa king'ora, kisha akampigia simu Shamsa Suti, mwenyekiti wa kijiji, mwanamke ambaye alikuwa na duka la mbegu na sauti ya kusikika kutoka mtaa hadi mtaa.

"Shamsa, toa watu wote. Wapande kilimani, upande wa shule."

"Ukuta?"

"Ukuta."

Shamsa hakuuliza swali la pili. "Nipe saa moja na nusu."

"Sina. Nitakupa nitakachopata."

Haikupita dakika tano, spika ya msikiti ikaanza kuita, si adhana bali majina ya mitaa, mmoja baada ya mwingine, na neno moja lililorudiwa: kilimani, kilimani. Kutoka kibandani Mwajabu aliwaona watu wakitoka majumbani kama mchwa walioguswa, wengine na magodoro, wengine na mbuzi, mwanamke mmoja amebeba mlango.

Nyapara Omari Kijuu alifika akihema, na wanaume watatu nyuma yake wenye mabeleshi. Mwajabu aliwaeleza kila kitu, hakuficha. Kwamba watasimama mbele ya ukuta wakati tumbo lake likigeuka uji. Kijuu alisikiliza akikuna shingo.

"Hidaya alimuuguza mama yangu," alisema. Akawageukia wenzake. "Mwenye watoto wadogo abaki." Mmoja akabaki, akilia kwa aibu. Wawili wakashuka na Kijuu.

Sasa ikawa kazi ya kusubiri kijiji kihame, na kusubiri ndiko kulikomuumiza kuliko yote. Mwajabu alisimama na vidole kwenye koki ya saba. Matone yakizidi, Hidaya alilalamika kubanwa. Yakipungua, alilalamika kiu. Kumi na tano. Kumi na mbili. Kumi na sita. Jasho lilimtiririka kutoka kwapani hadi kiunoni na akaogopa hata kulifuta, asije akateleza. Kila baada ya muda Hidaya alimpa kipimo.

"Nikinyoosha viwiko, vinagusa pande zote mbili."

Saa tatu na dakika ishirini: "Sasa sinyooshi kiwiko. Nimesimama kiubavu."

"Funika uso kwa khanga. Pumulia ndani yake."

"Nimefanya hivyo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Bi Mkubwa, uliwahi kuniombea nife?"

Mwajabu alitaka kusema astaghfirullahi, kama mtu yeyote angesema. Lakini aliona hakuna nafasi ya uongo kati ya mdomo wake na redio ile.

"Ndiyo. Mwaka ule wa kwanza. Na leo asubuhi, kama sekunde moja."

Akasikia kitu ambacho hakukitarajia: Hidaya alicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Mimi nilikuombea upofu. Ili usione chumvi niliyoongeza kwenye mboga yako."

"Nilijua ni wewe."

"Ulikula yote."

"Nilikuwa na hasira, sikutaka ufurahi." Mwajabu alifuta macho kwa bega. "Nyamaza sasa. Usipoteze mate."

Saa nne kasoro dakika tano Ndekirwa aliita. Maji yalikuwa yameonekana kwenye mkono wa juu wa korongo, mekundu, yamebeba miti. Dakika arobaini, si zaidi. "Mama, hata ukifungua arobaini sasa hivi tumechelewa kwa sehemu. Lakini sehemu ni bora kuliko uji. Nakuomba."

Mwajabu akampigia Shamsa.

"Nimehesabu mitaa yote," Shamsa alisema. Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba, mwalimu mmoja alikuwa amewaanzishia wimbo ili wasilie. "Wapo wote isipokuwa Mzee Ijuja, fundi cherehani. Hajaonekana. Yule hasikii vizuri, na akianza kushona hafungui mlango. Nimemtuma kijana wa pikipiki akamwangalie. Nipe dakika kumi, Mwajabu."

"Kumi?"

"Kumi. Usifanye kitu kabla sijakuita."

Mwajabu akaangalia saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikuwa kwenye kumi na moja. Dakika moja. Mbili. Dakika ya tatu, redio ikatoa sauti ambayo hakuitambua mara moja kuwa ni ya binadamu.

"Imegusa mgongo," Hidaya alisema. "Bi Mkubwa, imeshika khanga. Inavuta. Inavuta ngozi."

Mwajabu akamwona Mzee Ijuja waziwazi, ameinamia cherehani, uzi mdomoni, na mguu ukikanyaga. Hakujua kama yuko kwake akishona au ameshuka sokoni kununua vifungo au yuko kilimani tayari, amekaa nyuma ya watu, hakuna aliyemhesabu. Hidaya alijua yuko wapi.

"Vuta pumzi uishike," alimwambia. "Maji yanakuja."

Akaigeuza koki ya saba hadi mwisho.

*

Tangi liliguna kama ng'ombe. Bomba likaruka kwenye vishikizo vyake, na harufu ya siki ikapanda kutoka bondeni kali kiasi kwamba Mwajabu alitapika papo hapo, mkono mmoja bado kwenye koki. Chini, kwenye mlango wa ujia, weupe wa ukuta ukageuka kijivu, kisha ukaanza kuteleza. Kijuu na wenzake waliingia humo hadi kiunoni. Mabeleshi yalipanda na kushuka. Walichota kama watu wanaopakua ugali wa msiba, haraka, bila kuongea, na kila walipochota, shimo lilijaa tena kwa nusu.

Akahesabu dakika nne. Dakika tano. Redio haikusema kitu.

Dakika ya saba Kijuu alitupa beleshi, akalala kifudifudi kwenye uji, akaingiza mkono wote hadi shingoni. Alipovuta, ulitoka mguu. Wakavuta wote watatu. Hidaya alitoka mweupe mwili mzima kama kitu ambacho hakijamaliza kuumbwa, na hakusogea, hadi Kijuu alipomfuta mdomo kwa kidole, na Hidaya akapiga mayowe.

Walimbeba kwa mbio kwenye ngazi za ukingoni. Walipofika kibandani Mwajabu alimmwagia ndoo ya maji, na nyingine, na nyingine, akimsugua kwa viganja. Upande wa kushoto wa shingo na shavu haukutoka. Ulikuwa umeshakuwa kama kioo.

Simu ilikuwa ikiita mezani muda wote huo. Alipoishika, Shamsa alikuwa amekata.

Maji ya milima yalifika saa nne na nusu. Yalipiga ukuta, na ukuta ukashika. Kijuu aliinua mikono juu. Mwajabu hakuthubutu hata kupumua. Dakika kumi ukuta ulishika, dakika kumi na tano, na yule aliyebaki kwa ajili ya watoto wake akaanza kucheka. Kisha tumbo lake likavimba kwa mbele, polepole, kama gunia linalojazwa, na hapakuwa na mlio wowote. Likafunguka tu.

Maji yalipopita, Mwajabu hakuangalia. Alikaa chini akamkumbatia Hidaya kichwa, akamziba masikio, ingawa wote walihitaji kuzibwa masikio.

Nyumba arobaini na moja ziliondoka. Msikiti ulibaki, shule ilibaki. Watu elfu tatu na mia saba tisini na tisa walikuwa kilimani. Kijana wa pikipiki naye alikuwa kilimani. Alikuta mlango wa Mzee Ijuja umefungwa, akagonga, hakuitikiwa, akadhani ametoka, akageuza pikipiki. Mzee walimpata siku ya pili, mbali na kijiji, bado amevaa tepu ya kupimia shingoni.

*

Siku ya nne Mhandisi Ndekirwa alikuja nyumbani kwa Mwajabu na faili. Alikuwa amekonda usoni. Ripoti ilisema turubai lilichanika kwa mvua zisizo za kawaida. Koki ya saba haikutajwa.

"Mazungumzo ya redio hayakuhifadhiwa," alisema bila kumtazama. "Ilivyoandikwa hapa, hakuna aliyefanya kosa. Si wewe wala mimi."

Shamsa naye alikuwa amepita jioni iliyotangulia. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Sikukwambia lolote juu ya Mzee Ijuja," alisema. "Umenielewa? Tulikuwa na kelele nyingi siku ile." Walikuwa wema wote wawili, na Mwajabu aliwashukuru wote wawili.

Kisha akavaa baibui lake jeusi, akatoka. Hidaya akamfuata bila kuulizwa, akiwa amejifunika mtandio hadi machoni.

Nyumba ya Zena, binti pekee wa Mzee Ijuja, ilikuwa upande wa shule, ambao maji hayakuugusa. Uani wanawake walichambua mchele kwa ajili ya hitima. Mwajabu alisimama nje ya mlango kwa muda ambao hakuweza kuukadiria. Siku ile kibandani hofu ilikuwa mwilini, na ilikuwa na kazi ya kufanya. Hii ilikuwa haina kazi. Ilikaa tu, ikimwambia kwamba anaweza kugeuka na kurudi nyumbani, na kwamba hakuna mtu duniani atakayejua.

"Bi Mkubwa, si lazima," Hidaya alinong'ona.

"Baki hapa nje," Mwajabu alimwambia, akaingia.

Zena alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpana wa mabega kama baba yake. Alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye mkeka, akamsikiliza akisema pole. Kisha Mwajabu akasema yale mengine. Aliyasema bila kupumzika, tangu harufu ya siki hadi zile dakika kumi alizoombwa, na tatu alizotoa.

Wanawake waliacha kuchambua.

"Mwenyekiti alikwambia baba hajaonekana," Zena alisema.

"Aliniambia."

"Akakuomba usubiri."

"Aliniomba."

"Ukafungua."

"Nikafungua."

Zena alitazama ungo uliokuwa mapajani mwake. Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Angekuwa baba yangu mle ukutani, na mwenzio ndiye hajaonekana. Ungefungua?"

Mwajabu alikuwa amejiuliza swali hilo siku nne, akiwa macho na akiwa usingizini, na kila mara lilimletea jibu tofauti.

"Sijui, Zena. Wallahi sijui."

Zena akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ambayo aliitegemea. "Yuko wapi huyo?"

"Nje."

"Aingie."

Hidaya aliingia, akasimama mbele ya mkeka. Zena akaweka ungo chini, akainuka, akamvua mtandio kwa mikono yake mwenyewe. Mwanga wa uani ukapita kwenye shavu la kushoto na kwenye shingo, ukaonyesha mishipa kwa ndani, myembamba, ikipiga. Mwanamke mmoja akaguna. Zena hakuguna. Alimtazama kwa muda mrefu, upande wa ngozi na upande wa kioo, kama anayetafuta mahali fulani.

"Inauma?"

"Kukiwa na jua kali," Hidaya alisema. "Hapo huanza kunivuta maji."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

Zena akamrudishia mtandio kichwani, akaufunga vizuri chini ya kidevu, kwa fundo la mtu aliyekulia kwa fundi.

"Basi ishi," alimwambia. "Umesikia? Usije ukafa mapema ukanitia hasira." Akakaa tena, akavuta ungo, na bila kumtazama Mwajabu akasogea kidogo kwenye mkeka. "Na wewe, Mama Mwajabu, mchele ni mwingi na mikono ni michache."

Mwajabu akakunja mikono ya baibui, akaanza kuchambua.